Watu wanaongezeka, ardhi ni ileile: hesabu ya Isikizya na mkoa wa Tabora

Isikizya ni makao makuu ya Wilaya ya Uyui, wilaya inayouzunguka mji wa Tabora. Kwa miaka mingi, kijana wa huku aliyetaka shamba alijibiwa kwa maneno mawili tu: pori lipo. Makala haya yanaeleza kwa nini jibu hilo halitoshi tena, na kijiji kinaweza kufanya nini kabla mambo hayajaharibika.

Sensa inasema nini?

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,291,623 katika mkoa wa Tabora. Sensa ya 2022 ilikuta watu 3,391,679. Ni ongezeko la watu milioni 1.1 ndani ya miaka kumi, wastani wa karibu asilimia 3.9 kila mwaka. Kwa nchi nzima wastani ulikuwa asilimia 3.2.

Kasi ya asilimia 3.9 ikiendelea, idadi ya watu huwa mara mbili kwa takribani miaka 18. Maana yake, mtoto aliyezaliwa mwaka wa sensa atakapotimiza umri wa kupiga kura, mkoa utakuwa na watu karibu milioni 6.8. Eneo la mkoa litabaki kilomita za mraba 76,151, na sehemu kubwa ya eneo hilo ni misitu ya hifadhi na mapori ambako kulima hakuruhusiwi.

Kwa nini tunaongezeka?

Sababu ya kwanza ni njema: watoto wengi zaidi wanaishi. Mwaka 2005, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa Tanzania, 112 walikufa kabla ya kufikisha miaka mitano. Kufikia 2022 idadi hiyo ilishuka hadi 43. Chanjo, vyandarua na zahanati vimefanya kazi. Lakini idadi ya watoto wanaozaliwa haijashuka kwa kasi hiyo hiyo. Mwanamke wa Tanzania bado huzaa kwa wastani watoto karibu watano.

Sababu ya pili ni wahamiaji. Wafugaji na wakulima kutoka Shinyanga na mikoa jirani, ambako ardhi ilibana mapema, wamekuwa wakija Tabora kutafuta malisho na mashamba. Wengi wao wameshakuwa wenyeji.

Zamani ilikuwaje?

Si kweli kwamba nchi hii ilikuwa pori tupu siku zote. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Unyanyembe, mahali ulipo mji wa Tabora leo. Misafara ilihitaji chakula, na wenyeji walilima mtama, mahindi na mpunga wa kuiuzia.

Baadaye yalikuja mapigo mfululizo. Sotoka iliua ng'ombe miaka ya 1890. Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika hapa, na Wabelgiji wakauteka mji wa Tabora Septemba 1916. Kisha ugonjwa wa malale ukaifanya serikali ya kikoloni ya Waingereza kuwahamisha watu na kuwakusanya katika makazi ya pamoja. Walipoondoka, pori lilirudi, na mbung'o akarudi nalo.

Hapo kuna somo. Miti ya miombo ikikatwa huchipua tena kutoka kwenye visiki na mizizi, mradi ipewe muda. Ndiyo maana wazee waliweza kufyeka, kulima misimu michache, kuhama na kuliacha shamba lipumzike miaka mingi. Utaratibu ule haukuwa ujinga. Ulifaa watu wakiwa wachache. Watu wakiwa wengi, hakuna pa kuhamia, na shamba halipati muda wa kupumzika.

Athari zake ni zipi?

Ya kwanza ni msitu. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwenye mabani kwa moto wa kuni, na shamba jipya la tumbaku mara nyingi hufunguliwa kwenye pori ambalo halijalimwa. Ongeza mkaa unaokwenda mjini na kuni za kila jiko. Mninga, mtundu na miti ya kutundikia mizinga ikipungua, asali inapungua pia.

Ya pili ni shamba la urithi. Baba mwenye ekari 12 na watoto wanne atamwachia kila mmoja ekari tatu. Wao nao wakizaa wanne wanne, kila mjukuu atapata robo tatu ya ekari. Hapo ndipo kesi za ndugu kwa ndugu zinapoanza.

Ya tatu ni ugomvi wa mkulima na mfugaji. Mapito ya mifugo yakilimwa, ng'ombe watapita kwenye mahindi. Kila upande huona mwenzake ndiye mkosaji, lakini mara nyingi chanzo ni kwamba hakuna aliyepima na kuweka alama mapema.

Ya nne ni huduma. Madarasa, visima na wauguzi waliowatosha watu wa 2012 hawawezi kuwatosha wa leo.

Kijiji kifanye nini?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 zinakiwezesha kijiji kutenga maeneo ya kilimo, malisho, makazi, vyanzo vya maji na msitu. Halmashauri ya kijiji huandaa mpango kwa msaada wa wataalamu wa wilaya, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoupitisha. Baada ya hapo familia inaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, na mume na mke wanaweza kuandikwa pamoja. Sheria ya Misitu ya 2002 nayo inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi.

Shinyanga walionyesha kwamba inawezekana. Kuanzia 1986, mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho ili nyasi na miti virudi. Maeneo yaliyokuwa makavu yaliota tena.

Kwa mkulima wa tumbaku, bani la kisasa hutumia kuni chache zaidi na linaweza kuwashwa kwa matawi badala ya magogo. Miti ya kukaushia ipandwe miaka kadhaa kabla ya kuhitajika.

Nyumbani, huduma za uzazi wa mpango hutolewa bure katika vituo vya afya vya serikali. Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miaka miwili baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Na msichana anayebaki shule hadi sekondari kwa kawaida huolewa na kuzaa akiwa na umri mkubwa zaidi.

Mkutano wa kijiji ujao ukiitishwa, uliza mambo matatu. Je, kijiji chetu kina mpango wa matumizi ya ardhi? Mapito na malisho yamewekewa alama? Msitu uliobaki unalindwa na nani? Kama majibu hayapo, omba yaingizwe kwenye ajenda, maana pori likishagawanywa lote hakutakuwa na la kupanga.