Telemetria katika mbio za simuleta

Telemetria katika mbio za simuleta ni kazi ya kurekodi na kuchambua data za gari la mbio linaloendeshwa katika programu ya kompyuta inayoiga gari halisi. Data hizo huonyesha dereva alifanya nini kwa usukani, breki, mafuta na gia katika kila mita ya njia, na gari lilijibu vipi. Neno "telemetria" limetokana na maneno ya Kigiriki tele, yaani "mbali", na metron, yaani "kipimo".

Kwa dereva anayeanza, faida kuu ya telemetria ni kujua mahali hasa anapopoteza muda. Saa ya mzunguko humwambia kwamba amechelewa kwa sekunde moja, lakini haimwambii ni katika kona ipi wala kwa sababu gani.

Asili

Telemetria ilitumika katika mbio za magari halisi kabla ya kuingia katika simuleta. Katika Formula 1 ilienea kuanzia miaka ya 1980, na magari ya leo ya mashindano hayo hubeba mamia ya vihisi vinavyotuma data kwa wahandisi wakati gari liko njiani. Mwaka 2002 timu ziliruhusiwa pia kubadilisha mipangilio ya gari kwa mbali likiwa katika mwendo, lakini kuanzia 2003 jambo hilo lilipigwa marufuku. Tangu hapo data hutoka kwenye gari kwenda kwa timu tu.

Katika simuleta hakuna haja ya vihisi, kwa sababu ni programu yenyewe inayokokotoa mwendo wa gari, joto la matairi na kubanwa kwa springi. Telemetria huchukua namba hizo na kuzihifadhi. Ndiyo maana mtu aliye nyumbani anaweza kupata aina ya data ambayo katika gari halisi huhitaji vifaa vya gharama kubwa.

Data zinazorekodiwa

Kila aina ya data huitwa chaneli. Chaneli muhimu kwa anayeanza ni hizi:

- Kasi: mwendo wa gari, kwa kawaida kwa kilomita kwa saa.
- Mafuta: kiasi cha kukanyagwa kwa pedali ya mafuta, kutoka asilimia 0 hadi 100.
- Breki: kiasi cha kukanyagwa kwa pedali ya breki.
- Usukani: pembe ambayo usukani umezungushwa, kushoto au kulia.
- Gia: namba ya gia inayotumika.
- Tofauti ya muda: kiasi ambacho mzunguko mmoja umetangulia au kuchelewa ukilinganishwa na mwingine katika kila sehemu ya njia.

Chaneli za joto na upepo wa matairi, springi, shokapu na nguvu inayosukuma gari kando huhitajika zaidi wakati wa kurekebisha gari. Anayeanza anaweza kuziacha kwa muda.

Ubora wa rekodi hutegemea idadi ya vipimo kwa sekunde. Programu nyingi hupima mara 60 kwa sekunde. Gari linalokwenda kilomita 180 kwa saa husafiri mita 50 kila sekunde, kwa hiyo hupimwa karibu kila baada ya sentimita 83. Kiwango hicho kinatosha kuona mahali dereva alipoanza kushika breki.

Jinsi data inavyopatikana

Kila simuleta ina njia yake ya kutoa data.

- Assetto Corsa Competizione, iliyotengenezwa na Kunos Simulazioni ya Italia, huandika faili zinazofunguka katika programu ya i2 ya MoTeC, kampuni ya Australia inayohudumia pia mbio halisi. Mchezaji huchagua idadi ya mizunguko ya kurekodiwa katika mipangilio ya elektroniki ya gari.
- iRacing, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2008, huhifadhi faili zenye mwisho wa .ibt katika folda yake ya telemetria. Kurekodi huanzishwa na kusimamishwa kwa kubonyeza vitufe vya Alt na L pamoja.
- Michezo ya F1 ya Codemasters hutuma data kupitia mtandao wa nyumbani kwa itifaki ya UDP, kwa kawaida katika lango namba 20777. Programu nyingine, hata iliyo katika kompyuta au simu tofauti, huzipokea na kuzihifadhi.

Programu ya i2 hupakuliwa bila malipo. Faili za simuleta nyingine huenda zikahitaji kubadilishwa muundo kabla ya kufunguliwa humo.

Hatua za kuanzia

1. Kuchagua gari moja na njia moja, na kutobadilisha mipangilio ya gari. Gari likibadilishwa kila mara, haijulikani kama tofauti imeletwa na gari au na dereva.
2. Kuweka hali ya hewa, joto la njia na kiasi cha mafuta katika tangi viwe vilevile kila siku ya mazoezi.
3. Kuendesha mizunguko 10 hadi 15 mfululizo bila kuteleza nje ya njia.
4. Kupata mzunguko wa kulinganisha. Unaweza kuwa mzunguko bora wa dereva mwenyewe au wa dereva mwenye kasi zaidi, mradi gari na hali ya njia ni sawa.
5. Kufungua mizunguko miwili katika grafu moja, kuanza na kasi na tofauti ya muda, kisha breki na mafuta.
6. Kuchagua kona moja tu yenye hasara kubwa, kuifanyia mazoezi, na kurekodi tena.

Grafu husomwa vizuri zaidi mstari wa chini ukionyesha umbali badala ya muda. Ukionyesha muda, dereva aliyechelewa katika kona ya kwanza ataonekana amechelewa kushika breki katika kona zote zinazofuata. Kwa umbali, kila kona hukaa juu ya mwenzake.

Kusoma grafu

Mfano mzuri ni kona ya kwanza ya Monza nchini Italia, njia yenye urefu wa kilomita 5.793. Magari hufika hapo kwa kasi kubwa kutoka sehemu ndefu iliyonyooka, hushika breki kwa nguvu, hupinda kulia kisha kushoto kwa mwendo mdogo, halafu huongeza kasi kwa muda mrefu.

Tuseme dereva wa kwanza anashika breki mita 10 baada ya mwenzake. Mstari wa tofauti ya muda utaonyesha ametangulia anapoingia kona. Lakini akiwa amechelewa mno, gari halitakubali kupinda: usukani utaonekana umezungushwa zaidi, kasi ya chini kabisa itakuwa ndogo, na mafuta yatakanyagwa kwa kuchelewa. Dereva wa pili, aliyewahi breki, anatoka mapema na kwa kasi zaidi. Katika sehemu ya mita 700 inayofuata, wastani wa kilomita 204 kwa saa badala ya 200 humpa karibu robo ya sekunde. Hasara hiyo inaonekana katika sehemu iliyonyooka, ingawa chanzo chake kiko ndani ya kona. Kwa hiyo pale mstari wa tofauti unapoonyesha hasara, msomaji hurudi nyuma hadi kona iliyotangulia.

Umbo la mstari wa breki nalo lina maana. Kwa kawaida dereva mzoefu hufika haraka kwenye nguvu kubwa ya breki, kisha huachia taratibu anapoanza kupinda, ili uzito ubaki kwenye matairi ya mbele na kuyasaidia kushika njia. Anayeanza mara nyingi hukanyaga polepole na kuachia ghafla. Mstari wa mafuta unaopanda na kushuka katikati ya kona huonyesha dereva aliyekanyaga mapema kisha akalazimika kuachia.

Makosa ya kawaida

Kosa la kwanza ni kulinganisha mizunguko isiyolingana, kwa mfano ya tangi lililojaa na ya tangi lenye mafuta kidogo. La pili ni kurekebisha kona zote kwa pamoja. La tatu ni kubadilisha springi au mabawa ya gari ilhali grafu inaonyesha tatizo la mguu wa breki. La nne ni kusoma vibaya mstari wa tofauti ya muda: kutegemea programu na mzunguko uliowekwa kuwa kipimo, kupanda kwa mstari kunaweza kumaanisha faida au hasara. Alama hiyo hukaguliwa kabla ya kufikia uamuzi wowote.

Mipaka

Telemetria huonyesha kilichotokea, na haionyeshi dereva alikuwa akitazama wapi. Kuchelewa kupinda kunaweza kusababishwa na macho yaliyobaki kwenye kona badala ya kutafuta njia ya kutokea. Kwa hiyo madereva wengi hutazama pia marudio ya video pamoja na grafu. Vilevile, mzunguko bora wa mtu mwingine si lazima uwafae wote: katika mashindano marefu, dereva anayerudia muda uleule bila kuharibu matairi anaweza kumshinda mwenye mzunguko mmoja wa kasi. Kwa sababu hiyo uchambuzi mzuri huangalia pia tofauti kati ya mizunguko ya dereva mwenyewe. Kushika breki mahali tofauti katika kila mzunguko ni tatizo la kutatuliwa kabla ya kutafuta kasi zaidi.