Harufu Ikipotea

Msomaji, uingiapo jioni katika nyumba ya Wasomali mjini Garissa, pua yako hukaribishwa kabla ya macho kuzoea kiza. Makaa yamo chetezoni, na juu yake wafuka unsi, udi wa Kisomali. Nako malishoni kwenye ngamia, vyombo vya maziwa hufukizwa kwa vijinga vya miti, ili maziwa yasiharibike upesi na yapate ladha ya moshi.

Mapenzi ya manukato ni ya kale pande hizi. Katika karne ya 15 kabla ya Kristo, Malkia Hatshepsut wa Misri alipeleka merikebu nchi ya Punt, ambayo wataalamu wengi huiweka upande wa Pembe ya Afrika. Michoro ya hekalu lake yaonyesha miti ya uvumba ikichukuliwa pamoja na mizizi yake. Hata leo wafugaji wa Wajir, Mandera na Garissa hukusanya utomvu wa miti ya jamii ya ubani na manemane, nao huuzwa mpaka ng'ambo.

Basi, mtu wa nchi kama hii akipotewa na harufu, amepotewa na nini? Swali hili liliulizwa na wachache mpaka mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulithibitishwa Kenya tarehe 13 Machi, na mwezi wa Aprili serikali ilipiga marufuku safari za kuingia na kutoka Mandera. Duniani kote wagonjwa wengi waliamka wakaona chai haina harufu ya iliki. Pua hazikuwa zimeziba kama katika mafua. Virusi viliumiza seli zinazotegemeza neva za kunusia.

Usidhani kuwa hasara hii ni ndogo. Ulimi hutambua mambo machache tu, kama utamu, uchungu, chumvi na uchachu. Ladha iliyobaki ni kazi ya pua. Asiyenusa huchoka na chakula akakonda, au huzidisha chumvi na sukari. Hasikii harufu ya moshi nyumba ikiungua. Huogopa kuwa mwili wake wanuka, akajitenga na watu. Na kwa kuwa uso wake ni mzima, hakuna ampaye pole.

Mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake, mjini Dresden, Ujerumani, walionyesha kuwa pua yaweza kufunzwa upya. Wagonjwa walinusa waridi, limau, mkaratusi na karafuu mara mbili kwa siku kwa majuma 12, na baadhi yao walipata nafuu. Si wote waponao.

Kwa hiyo, msomaji, kipofu hushikwa mkono. Ukikaa na mtu asiyenusa, usimcheke; yanuse maziwa kwanza wewe, ndipo umpe anywe.