Mikoko ya Rufiji na Imani za Wenye Mamlaka

Nyumba za kale za Mji Mkongwe hapa Unguja zina vyumba virefu vilivyo vyembamba, na upana wake uliamuliwa na mkoko. Boriti inayobeba dari ya mawe na chokaa haiwezi kuvuka nafasi kubwa, basi waashi wakazikaribisha kuta ili boriti ifike. Boriti nyingi zilitoka delta ya Rufiji. Majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi yalizichukua pia hadi Uarabuni na nchi za Ghuba, kwenye mitende mingi na miti michache ya kujengea. Kwa hiyo habari za mikoko ya Rufiji zinatuhusu sote watu wa mwambao, ijapokuwa aghalabu husimuliwa kana kwamba ni habari za maofisa wa misitu peke yao.

Delta hiyo, ambayo leo imo katika Wilaya ya Kibiti, ina mikoko inayokadiriwa kufikia hekta 53,000. Ndani yake mna visiwa, mito midogo, na vijiji kama Salale ambavyo njia yake kuu ni maji. Wenyeji hawasemi "mikoko" wakanyamaza. Mkoko wenyewe na msinzi hutoa boriti. Mkandaa hutoa gamba la kutia ngozi rangi. Mlilana hutoa mataruma ya vyombo. Msikundazi hutoa mlingoti. Anayeupa kila mti jina lake na kazi yake ameuchunguza kwa vizazi vingi. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka mia moja, sheria za msitu huu zimetungwa na watu walioamini kwamba mwenyeji hajui kitu.

Nasema "walioamini" kwa makusudi. Tumezoea kuliweka neno imani kwa mganga na mzimu, na neno elimu kwa ofisi ya serikali. Lakini imani ni jambo lolote ambalo mtu hulishika kuwa kweli kabla ya kulipima, na ofisini imani hizo zimejaa tele.

Wajerumani ndio walioanza. Mwaka 1898 waliitangaza mikoko ya Rufiji kuwa msitu wa serikali, na Salale ikawa miongoni mwa vituo vyao katika delta. Waliamini kwamba msitu usiopimwa na mtaalamu ni msitu unaoangamia, na kwamba Mwafrika ni adui wa mti. Imani hiyo ilikwenda sambamba na hesabu, kwani boriti na magamba yalikuwa biashara yenye faida na serikali ilitaka ushuru wake. Mwaka 1904 likafuata agizo la kulinda misitu ya koloni zima. Mwaka uliofuata vita vya Maji Maji vilianzia Umatumbi, kusini mwa mto. Kinjikitile Ngwale, aliyegawa maji ya dawa pale Ngarambe, alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti 1905. Kodi, pamba na kazi za shuruti ndizo sababu zinazotajwa kwanza, lakini mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameonesha kwamba sheria za misitu nazo zilikuwa kuni katika moto ule. Wajerumani waliwacheka watu walioamini kwamba maji yatageuza risasi. Wao wenyewe waliamini kwamba karatasi itageuza msitu wa watu kuwa mali ya Kaiser.

Uhuru ulibadilisha bendera upesi kuliko ulivyobadilisha fikra. Mwaka 1968 mto ulifurika sana. Kwa mkulima wa Rufiji, gharika ina nyuso mbili: huharibu, na pia huleta tope lenye rutuba. Maji yakishuka, hulima mlau katika unyevu uliobaki. Serikali iliona uso mmoja tu, yaani msiba, na siasa ya vijiji vya Ujamaa ilikuwa tayari inatafuta watu wa kukusanya. Katika Operesheni Rufiji ya 1968 na 1969, wengi wa bondeni walihamishiwa nyanda za juu. Mashamba yakabaki mbali, na mkulima akalazimika kuishi nusu ya mwaka katika dungu, akilinda mazao yasiliwe na nguruwe.

Mwaka 1987 ukataji wa mikoko ulipigwa marufuku Tanzania Bara. Mwaka 1991 ukatolewa mpango wa usimamizi, kazi ya mtaalamu wetu Adelaida Semesi, na ukataji ukaruhusiwa tena kwa masharti. Kumbe miaka michache baadaye dola ile ile iliyomkataza mwanakijiji asikate boriti bila kibali ingemkaribisha mgeni kwa shoka kubwa zaidi. Kampuni iitwayo African Fishing Company iliomba karibu hekta 10,000 za delta kwa ufugaji wa kamba. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilishauri mradi ukataliwe. Mwezi wa Novemba 1997 Baraza la Mawaziri likaukubali. Hapa imani ilikuwa mpya: kwamba mwekezaji ni mwokozi, na kwamba fedha za kigeni zikitajwa, mtaalamu na anyamaze.

Wana wa delta hawakunyamaza. Waandishi wa habari za mazingira wa JET na mawakili wa LEAT walisimama nao, na mwaka 1998 wakazi walifungua shauri Mahakama Kuu. Mabwawa yale hayakuchimbwa. Mikoko iliyopaswa kulindwa dhidi ya mwanakijiji ikawa imelindwa na mwanakijiji. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, iliyolazimisha miradi mikubwa ifanyiwe tathmini kabla ya kuanza na wananchi washirikishwe. Mwaka huo huo eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Ingependeza hadithi iishie hapo, lakini mwanakijiji naye si malaika. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 maji mengi ya mto yameelekea matawi ya kaskazini, chumvi ikapungua huko, na watu wakafyeka mikoko kulima mpunga. Baada ya miaka kadhaa magugu huzidi, mkulima akasogea mbele na kufyeka tena. Madhara hayo yapo na hayafai kufichwa. Lakini mwaka 2011, wakati dunia ilipokuwa ikizungumza juu ya kulipia misitu inayohifadhi hewa ya ukaa, dola ilichagua kuwafukuza wakulima. Mwaka 2012 watafiti Betsy Beymer-Farris na Thomas Bassett waliandika kwamba simulizi ya mkulima mharibifu ndiyo iliyohalalisha hatua hiyo. Watafiti wengine waliwapinga vikali. Mimi naona jambo moja: ni imani ile ya 1898 iliyovaa kanzu mpya. Swali la mkulima huyo alime wapi, maadamu mto umehama, halikuulizwa kwa sauti kubwa kama swali la nani amekata mti.

Sasa limekuja jambo kubwa zaidi. Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere, huko juu mtoni, lilianza kujazwa. Mafuriko yalipoikumba Rufiji na Kibiti Aprili 2024, wengi walisema ni bwawa. Serikali ikasema ni mvua, na kwamba bwawa limepunguza madhara. Ubishi huo ni wa maji yaliyozidi. Watu wa Salale wana la kuuliza pia juu ya tope litakalopungua, kwa sababu tope la mto ndilo linaloijenga delta na kuizuia bahari isiile. Wavuvi na wakulima wake wataona mabadiliko hayo kabla ya chombo chochote cha kupimia.

Sheria ya 2004 inataka watu kama hao waulizwe. Mwenye kuuliza hana budi kusubiri jibu, na jibu likija kwa lugha ya mlau, mkandaa na msinzi, alisikilize kama elimu.