Bastola, Rivolva na Shabaha: Historia ya Chombo na Majina Yake

Katika kazi ya kusanifu istilahi, mara nyingi tumeona kwamba neno linalotosha kabisa sokoni halitoshi mahakamani. Neno bastola ni mfano mmoja. Mwananchi akilitamka, msikilizaji huelewa silaha ndogo ya moto inayoshikwa mkononi, na mazungumzo yakaendelea. Lakini mfasiri aliyepewa hati ya forodha, kanuni za mashindano au orodha ya vielelezo vya kesi hukuta kwamba hati hiyo ina majina mawili pale ambapo sisi tuna moja. Makala haya yanakusudia kuieleza tofauti hiyo kwa njia ya historia, tukichukua mfano wa rivolva za kulenga shabaha na watu wanaozikusanya. Kisha tutatoa mapendekezo.

Lugha yetu si maskini katika uwanja huu. Bunduki, baruti na risasi ni maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, na risasi ni jina la madini yenyewe kabla ya kuwa jina la kitu kinachofyatuliwa. Tunayo pia mtutu, kitako, fataki na gobori. Polisi na waandishi wa habari wamekwisha kuzoea kusema maganda ya risasi. Lakini msamiati huu umegawanya zaidi bunduki ndefu. Bastola ilibaki fungu moja lisilopambanuliwa.

Rivolva ilipata umbo lake la kiwanda kwa juhudi za Samuel Colt, Mmarekani wa Hartford, Connecticut, aliyepata hataza Uingereza mwaka 1835 na Marekani mwaka 1836. Kiini cha chombo hicho ni silinda yenye vyumba kadhaa, kwa kawaida vitano au sita. Kila nyundo inapovutwa nyuma, silinda huzunguka, na chumba kipya kikasimama mkabala na mtutu. Jina la Kiingereza linatokana na huko kuzunguka. Hapo mwanzo kila chumba kilijazwa baruti, risasi na fataki, kimoja baada ya kingine, kama gobori sita ndogo zilizofungwa pamoja.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1857, Horace Smith na Daniel Wesson walipoanza kuuza rivolva ndogo iliyotumia risasi zenye ganda la chuma. Walitegemea hataza ya Rollin White ya mwaka 1855, iliyohusu silinda iliyotobolewa kutoka mwisho hadi mwisho. Hataza hiyo ilikoma mwaka 1869, na viwanda vingine vikapata nafasi. Rivolva ya jeshi ya Colt ya mwaka 1873 ni miongoni mwa matunda ya uhuru huo.

Silaha ya vita iliingia upesi katika mchezo. Katika michezo ya Olimpiki ya Athens mwaka 1896, ndugu wawili wa Kimarekani, John na Sumner Paine, walishika nafasi ya kwanza na ya pili katika shindano la bastola ya jeshi, wakitumia rivolva za Colt. Uwanja wa Bisley huko Uingereza, uliofunguliwa mwaka 1890, ulipata sifa kubwa hata Colt wakaiita rivolva yao ya mwaka 1894 kwa jina hilo. Hapo ndipo alipojulikana Walter Winans, Mmarekani aliyekaa Uingereza, bingwa wa rivolva na mchongaji wa sanamu, aliyepata medali ya dhahabu ya Olimpiki kwa shabaha mwaka 1908 na kwa sanaa mwaka 1912.

Rivolva ya shabaha hutofautiana na ya askari kwa mambo machache yenye maana. Kilengeo chake cha nyuma huweza kurekebishwa kwa bisibisi, mtutu wake mara nyingi ni mrefu zaidi, na kifyatulio chake huachia kwa wepesi nyundo ikiwa imekwisha kuvutwa kwa kidole gumba. K-38 ya Smith & Wesson, iliyopewa namba 14 mwaka 1957, na Python ya Colt ya mwaka 1955, ndizo zilizopendwa sana. Python iliacha kutengenezwa mwaka 2005, ikarudishwa kiwandani mwaka 2020. Rivolva kama hizi Waingereza huziita kwa sifa ambayo wafasiri wengi huigeuza kuwa "za kale". Hilo ni kosa. Sifa hiyo haipimi umri, bali hueleza kitu ambacho vingine hulinganishwa nacho. Kiswahili kinalo neno lake tayari: rivolva za kupigiwa mfano.

Kuna kundi la tatu. Mwaka 1961 Colt walitoa rivolva ya kuadhimisha miaka 125 ya kazi yao; mwaka 1977 Smith & Wesson wakafanya vivyo hivyo. Hizi zina maandishi na nakshi, na mara nyingi hutiwa katika sanduku la mbao. Mkusanyaji huthamini zaidi ile isiyopata kufyatuliwa, maana hata kuizungusha silinda kwaweza kuacha mstari mwembamba juu ya rangi yake. Basi mtu yule yule aliye mlenga shabaha na mkusanyaji hukaa njia panda: akiitumia, ameipunguzia thamani, akiihifadhi, amenunua chombo asichokitumia. Tunapendekeza rivolva ya ukumbusho, si ya kumbukumbu, kwa kuwa kumbukumbu tumekwisha kuipa kazi ya nyaraka za ofisini.

Tofauti hiyo ya kukusanya na kufyatua iliingia hata katika sheria. Baada ya mauaji ya watoto 16 na mwalimu wao shuleni Dunblane, Uskoti, tarehe 13 Machi 1996, Uingereza ilipitisha sheria mbili mwaka 1997 zilizopiga marufuku bastola karibu zote. Lakini nafasi mbili ndogo ziliachwa. Baadhi ya silaha zilizotengenezwa kabla ya 1919 ziliruhusiwa kuwekwa katika mkusanyo. Nyingine zenye thamani ya kihistoria au ya kiufundi ziliruhusiwa kufyatuliwa, kwa sharti zihifadhiwe mahali palipoteuliwa. Mfasiri akitumia neno "kumiliki" kwa zote mbili, ameifuta sheria yenyewe.

Na kwetu je? Rivolva hubakiza maganda ndani ya silinda mpaka mtumiaji ayatoe, ilhali bastola ya magazini hurusha ganda nje kwa kila risasi. Hakimu anayesoma kwamba mahali pa tukio hapakuonekana ganda hana budi kujua ni silaha gani inayotajwa, ijapokuwa jambo hilo peke yake si ushahidi. Vilevile maelekezo ya usalama: bastola ya magazini ikishatolewa magazini yaweza kuwa na risasi moja ndani ya chumba. Anayefasiri maelekezo ya rivolva kwa mwenye bastola hiyo anacheza na maisha ya watu.

Kwa hiyo tunapendekeza bastola ibaki jina la jumla. Chini yake ziwepo rivolva na bastola ya magazini. Silinda, chumba, nyundo, kifyatulio na kilengeo zitumike kwa sehemu zake. Hatukubuni neno geni pale ambapo mafundi, askari na waandishi wamekwisha kutupatia la kutosha. Wasomaji wenye maneno yaliyo bora zaidi, hasa wanaofanya kazi mahakamani na bandarini, tunawaomba wayalete, yapimwe pamoja na haya.