Transfa ya gari inapokufa: Ifunguliwe kwanza kabla ya kununua nyingine

WENYE vani zinazovuta kwa magurudumu yote manne huingiwa na hofu pindi mlio wa kusaga unaposikika chini ya sakafu. Katika mtaa kama Laini Saba, Kibera, jijini Nairobi, aghalabu gari moja hulisha familia mbili, ya mwenye gari na ya dereva. Siku ambayo gari limelala gereji ni siku isiyo na mapato. Ndiyo maana wengi hukimbilia kununua transfa ya mtumba siku iyo hiyo.

Haraka hiyo huwagharimu. Kilichoiua transfa ya kwanza, kisipotambuliwa, huiua na ya pili.

Transfa ni nini?

Transfa ni kasha la gia lililofungwa nyuma au ubavuni mwa giaboksi. Kazi yake ni kupokea nguvu za injini kutoka kwa giaboksi na kuzigawa kwa shafti mbili: moja huelekea difu ya nyuma, nyingine difu ya mbele. Ndani yake mna gia au mnyororo wa chuma, beringi, sili za kuzuia mafuta, pamoja na uma unaosogeza gia dereva anapovuta wenzo.

Si transfa zote zinazofanana. Mitsubishi Delica Space Gear, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1994, ina wenzo unaomruhusu dereva kuchagua magurudumu mawili, manne, au gia ya nguvu ya kupandia milima. Toyota HiAce nyingi za aina hii hazina wenzo huo. Nguvu huenda mbele na nyuma wakati wote, na ndani yake mna kifaa kilichofungwa chenye mafuta mazito ya silikoni. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu dawa ya moja huweza kuwa sumu ya nyingine.

Magari haya karibu yote huingia Kenya yakiwa yameshatumika. Kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000 huruhusu gari lisilozidi umri wa miaka minane tangu liliposajiliwa kwa mara ya kwanza. Hivyo basi, transfa hufika bandarini Mombasa ikiwa na maisha ya nyuma ambayo mnunuzi hayajui.

Dalili na maana zake

Mlio wa kuvuma unaopanda kwa kadiri mwendo unavyoongezeka huashiria beringi iliyokwisha. Mshindo wa ghafla gari linapovuta mzigo huonyesha mnyororo uliolegea na kuruka meno. Wenzo unaochomoka wenyewe huashiria uma uliolika au gia zilizopoteza makali. Nalo gari linalojivuta na kushtuka linapokata kona kali, ilhali halijafungwa kwenye magurudumu manne, huenda kifaa chake cha silikoni kimeganda.

Hata hivyo, si kila hitilafu ni ya transfa. Gari likikataa kuingia magurudumu manne, fundi mwangalifu huanza na mipira ya hewa, nyaya na swichi, kwa kuwa mpira uliopasuka huigiza ugonjwa mkubwa. Msalaba wa shafti uliochakaa nao hugonga kama transfa mbovu.

Kipimo rahisi zaidi ni mafuta. Mafuta yanayong'aa kwa unga laini wa chuma ni ishara ya uchakavu wa kawaida au beringi inayoanza kuchoka. Vipande vinavyoweza kushikwa kwa vidole ni meno ya gia yaliyokatika. Mafuta meusi yenye harufu ya kuungua yanaonyesha kuwa transfa ilikimbia bila mafuta ya kutosha.

Katika baadhi ya magari, sili iliyo kati ya giaboksi na transfa ikipasuka, mafuta huhama: giaboksi hukauka huku transfa ikifurika. Anayekagua upande mmoja tu hatagundua lolote, kwani hakuna tone litakaloonekana chini ya gari.

Adui aliye kwenye matairi

Baada ya ukosefu wa mafuta, adui mkubwa ni matairi yasiyolingana. Chukua mfano wa tairi jipya lenye kipenyo cha milimita 693. Tairi hilo huzunguka takriban mara 459 katika kilomita moja. Likilika milimita 7, huzunguka takriban mara 469. Safari ya Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480. Matairi mapya yakifungwa nyuma na makuukuu yakaachwa mbele, shafti mbili za gari hilo hutofautiana kwa mizunguko zaidi ya 4,500 safarini.

Tofauti hiyo sharti imezwe mahali fulani. Katika baadhi ya magari ya kutumia wenzo, yakiachwa kwenye magurudumu manne juu ya lami, gia na mnyororo hujikaza hadi kitu kikatike. Katika gari lisilo na wenzo, kifaa cha silikoni huchemka. Mwenye gari anayenunua matairi mawili kila mara ili kuokoa fedha huwa anaihamishia gharama hiyo transfa.

Kukarabati au kubadilisha?

Jibu hupatikana baada ya kasha kufunguliwa. Beringi, sili, mnyororo na uma vyote hubadilishwa. Beringi nyingi huchorwa nambari za kimataifa, na mwenye duka hahitaji kujua ni za gari gani. Beringi nambari 6208, kwa mfano, ina tundu la milimita 40, kipenyo cha nje cha milimita 80 na upana wa milimita 18, awe ameiunda Mjapani au Mjerumani. Fundi asomaye nambari hizo huweza kufufua transfa ambayo mwenzake angeitupa.

Kubadilisha kunafaa pale kasha lenyewe limepasuka, shafti kuu imechimbika, au meno ya gia kadhaa yamekatika. Kasha la aluminiamu huweza kuchomelewa, lakini joto hupinda makalio ya beringi, na beringi mpya haidumu ndani yake. Kifaa cha silikoni nacho hakifunguliwi. Kikifa hubadilishwa kizima.

Ipo pia njia ya mkato: kuondoa shafti ya mbele na kuliendesha gari kwa magurudumu mawili. Kwa gari la wenzo, njia hii huweza kulifikisha nyumbani, mradi ugonjwa hauko upande wa nyuma. Kwa gari lisilo na wenzo ni hatari, kwa sababu huenda likakataa kwenda au likaunguza kifaa cha silikoni.

Kununua ya mtumba

Wengi wanaotafuta vipuri Nairobi huelekea Barabara ya Kirinyaga, ambayo wakongwe bado huiita Grogan, jina la mlowezi Ewart Grogan. Anayekwenda huko na aibebe transfa ya zamani, au angalau picha zake. Mambo ya kulinganisha ni haya: aina ya giaboksi, ya kawaida au ya otomatiki, idadi ya meno ya shafti inayoingia, upande inakotokea shafti ya mbele, na soketi za nyaya, pamoja na mahali pa kebo ya spidi ikiwa gari linaitumia. Kasha linaweza kufanana kwa nje na kutofautiana kwa hesabu ya gia.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aizungushe shafti kwa mkono. Ikisuasua au kukwaruza, aiache. Aitikise juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Afungue kizibo na kunusa mafuta yaliyobaki.

Risiti ni ya lazima. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamwadhibu anayepokea mali ya wizi, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kuwa imeibwa, kwa kifungo kisichozidi miaka 14. Bei ya kushangaza katika uchochoro usio na jina la duka ni sababu tosha ya kutilia shaka.

Hatari ya mteremko

Laini Saba, kama sehemu nyingine za Kibera, iko kwenye ardhi inayoteremka kuelekea Bwawa la Nairobi, na nafasi tambarare ni adimu. Hapa ndipo kazi hii huweza kuua. Dereva wengi huamini kwamba gari lililoachwa ndani ya gia haliwezi kubingirika. Transfa ikiwekwa huru, au shafti zikifunguliwa, giaboksi haina tena mshiko wowote kwa magurudumu. Baadhi ya magari hata breki ya mkono imefungwa kwenye transfa au kwenye shafti ya nyuma. Ikifunguliwa, breki nayo imeondoka.

Kwa hiyo, gari lisukumwe hadi mahali tambarare hata kama ni mbali. Magurudumu yazuiwe kwa mbao au mawe mbele na nyuma. Gari liwekwe juu ya stendi za chuma, kamwe si juu ya jeki pekee wala matofali, ambayo hupasuka bila onyo. Transfa nayo ina uzito wa kumponda mtu kifua. Haishushwi kwa kulazwa juu ya tumbo la kijana anayejifunza kazi, jambo ambalo limezoeleka katika gereji za jua kali. Ishushwe kwa jeki ya giaboksi, au kwa jeki ya kawaida iliyofungiwa ubao mpana, watu wawili wakiielekeza.

Kabla ya kufungua shafti, fundi achore alama pale zinapokutana na vikombe vyake, ili zirudi zilivyokuwa. Zikirudi kombo, gari hutetemeka na beringi mpya huchakaa upesi.

Baada ya kufunga

Kizibo cha kujazia mafuta hufunguliwa kabla ya kile cha kumwagia. Kikiwa kimeganda na kukataa kufunguka, gari bado lina mafuta ya kulitoa gereji. Mafuta yawe yale yaliyotajwa katika kitabu cha gari. Transfa nyingine hutaka mafuta ya gia ya 75W-90, nyingine mafuta mepesi ya giaboksi za otomatiki, na kubadilishana kwake ni kosa.

Gari lijaribiwe bila mzigo, kisha likaguliwe kama linavuja. Baada ya kilomita 1,000 hivi, mafuta hayo ya kwanza yamwagwe na kutazamwa. Yakitoka safi, kazi imefaulu. Yakitoka na vipande vya chuma, heri gari lirudi gereji siku hiyo likiwa tupu kuliko kukwama njiani likiwa na abiria.