Alappuzha si Venice

Vijitabu vya watalii kuhusu Alappuzha, mji wa pwani katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, havichoki kumtaja Lord Curzon, mtawala wa Kiingereza wa India. Eti alipoiona mifereji yake aliiita Venice ya Mashariki. Alisema au hakusema, sifa hiyo imeudhulumu mji. Mifereji ile haikuchimbwa ili maharusi wapigiwe picha. Ilichimbwa kupitisha pilipili manga, nazi na kamba hadi baharini. Hata zile mashua za starehe zinazokodishwa siku hizi kwa usiku mmoja zimetokana na mashua za kubebea mpunga, ambazo mbao zake zilishonwa kwa kamba ya nazi bila msumari hata mmoja, kama mtepe wa Lamu. Ukiondoa kamba hiyo huwezi kuielewa bandari, wala mauaji ya mwaka 1946, wala huyu V. S. Achuthanandan, mkomunisti aliyefariki Julai 2025 akiwa na umri wa miaka 101, mwili wake ukarudishwa kuchomwa hapo hapo kwao.

Mwanzo wa mji si siri. Bandari ilifunguliwa mwaka 1762, na baadaye Raja Kesavadas, diwani (yaani waziri mkuu) wa ufalme wa Travancore, akawakaribisha wafanyabiashara wa Kigujarati na Kikachi, ndugu za hao hao tuliowazoea Unguja na Mombasa. Mwaka 1859 Mmarekani mzaliwa wa Ireland, James Darragh, alifungua kiwanda cha mazulia na mikeka ya nyuzi za nazi. Mwaka 1862 mnara wa taa ukawashwa na gati likajengwa. Nguzo za gati hilo bado zimesimama ufukweni, zimeliwa na kutu, na watu huzipiga picha bila kuuliza zilibeba nini.

Zilibeba jasho la makumbi. Aliyekulia mwambao wetu hahitaji kuelezwa sana. Kina mama wa Jambiani na Paje kule Unguja hufukia makumbi kwenye tope la pwani, huyabana kwa mawe, na baada ya miezi huyafukua na kuyaponda kwa gogo mpaka usumba utoke. Kerala ni hivyo hivyo, ila kwa wingi usio na mfano: makumbi yalilowekwa miezi kadhaa katika maji ya chumvichumvi ya mabwawa ya nyuma ya pwani, mpaka maji yakageuka meusi na kunuka kama yai viza. Wanawake waliyaponda na kusokota uzi vijijini. Wanaume walisuka mazulia viwandani mjini. Katikati alikaa mnyapara, aliyeajiri na kufukuza kwa niaba ya kampuni, na aliyekata sehemu yake kwenye ujira wa kila mtu. Mdororo wa miaka ya 1930 ulipoiporomosha bei, kampuni zilipunguza ujira, lakini mnyapara hakupunguza chake.

Chama cha wafanyakazi kilikuwapo tangu mwaka 1922, kikianza kwa upole, kwa maombi na barua. Kufika 1938 upole ulikuwa umekwisha, na mgomo mkuu wa viwanda vya kamba ukausimamisha mji. Humo ndimo alimopita Achuthanandan. Alizaliwa Punnapra mwaka 1923, akafiwa na mama akiwa na miaka minne na baba akiwa na miaka kumi na mmoja. Aliacha shule baada ya darasa la saba, akamsaidia kaka yake kazi ya ushonaji, kisha akaingia kiwanda cha kamba cha Aspinwall. Mwaka 1940 alijiunga na Chama cha Kikomunisti. P. Krishna Pillai, mratibu mkuu wa chama, akamtuma Kuttanad, kwenye mashamba ya mpunga yaliyo chini ya usawa wa bahari, akawakusanye vibarua.

Kisha ikaja Oktoba 1946. Diwani wa wakati huo, C. P. Ramaswami Iyer, alitaka katiba ambayo bunge lisingeweza kumwondoa mkuu wa serikali, akaiita mfumo wa Kimarekani. Wafanyakazi wakajibu kwamba mfumo huo utupwe katika Bahari ya Arabu. Tarehe 24 walivamia kambi ya polisi ya Punnapra, na siku tatu baadaye wanajeshi waliwamiminia risasi wenzao wa Vayalar. Silaha yao ilikuwa mikuki iliyochongwa kwa mti wa mpopoo. Makadirio ya waliokufa yanaanzia mamia na kupita elfu moja.

Hapa ndipo ninapokosana na waandishi wa pande zote mbili, wa kushoto na wa kulia. Wa kulia husema ni njama ya wakomunisti waliowapeleka maskini kwenye bunduki. Wa kushoto husema ni vita vya uhuru, basi, na serikali ya India baadaye ikaafiki. Wote wanamsahau mnyapara. Katiba ya diwani iliwauma watu wa kamba kwa sababu aliyeilinda kampuni iliyomweka mnyapara huyo, na mwenye shamba, alikuwa diwani huyo huyo. Wapinzani wa Achuthanandan, kwa upande wao, wamerudia miaka mingi kwamba siku ya Punnapra hakuwapo. Ni kweli, chama kilikuwa kimemwamuru ajifiche. Alikamatwa Poonjar, akateswa katika mahabusu ya Pala, ambako polisi walimtoboa wayo kwa singe. Inasimuliwa kwamba walidhani amekufa, mpaka mwizi mmoja aliyeshikwa naye akagundua kuwa bado anapumua. Anayetaka ushahidi zaidi ya wayo ule sijui anataka nini.

Yaliyofuata yanajulikana kwa msomaji wa magazeti. Mwaka 1957 wakomunisti walishika serikali ya Kerala kwa kura. Mwaka 1964 Achuthanandan alikuwa mmoja wa 32 waliotoka kwenye baraza kuu la chama na kuanzisha chama kipya cha kikomunisti, CPI(M). Akawa katibu wa jimbo tangu 1980 hadi 1992, na waziri kiongozi tangu 2006 hadi 2011, aliyepeleka tingatinga Munnar kubomoa majengo ya wavamizi wa ardhi na kugombana na wenzake chamani mpaka akaondolewa kwenye kamati kuu ya siasa.

Lakini mwaka 1996 haustahili kupitwa mbio. Chama chake kilishinda, na yeye ndiye aliyetazamiwa kuongoza serikali. Akaanguka kwa kura 1,965 katika jimbo la uchaguzi la Mararikulam, nchi ya wasuka kamba, jirani kabisa na kwao. Wafuasi wake wanasema alichomwa kisu na watu wa chama chake mwenyewe. Huenda. Mimi nashuku na kamba ilikuwa na lake. Miaka ya 1970 mashine za kuponda makumbi zilipoingia, vyama vya wafanyakazi vilizipinga kwa hofu halali, kwamba maelfu ya wanawake wangebaki bila kazi, na serikali ikazizuia. Tamil Nadu, mlango wa pili, hawakuzizuia. Makumbi ya Kerala yakaendelea kuoza kwenye mabwawa huku wateja wakihamia kwa jirani. Na Achuthanandan mwenyewe, muda mfupi baada ya kushindwa huko, aliwaongoza vibarua kukata mazao yaliyopandwa kwenye mashamba yaliyokuwa ya mpunga. Alikuwa sahihi kuhusu mpunga, maana ardhi ile ikishafukiwa haipatikani tena. Ila mwenye minazi yake mitano iliyokatwa hakumwona mtetezi.

Nampenda mzee yule, na sioni haya kusema. Lakini chama kilichozaliwa kwenye bwawa la makumbi kilimtetea mpondaji kwa kuikataa mashine, badala ya kuichukua mashine iwe mali ya mpondaji. Leo mwenye kiwanda cha Alappuzha hununua nyuzi kutoka Tamil Nadu, na vijana wa Punnapra huendesha mashua za watalii.