Nani Aliishi Hapa? Mlima Old Rag na Pori Lililotengenezwa kwa Sheria

Kila mjadala wa uhifadhi unapopamba moto nchini kwetu, Marekani hutajwa kama kielelezo. Tunakumbushwa kwamba taifa hilo ndilo lililoasisi hifadhi ya taifa lilipoitenga Yellowstone mwaka 1872, na kwamba huko maumbile huachwa yaendelee bila mkono wa mwanadamu. Hoja hiyo hutumika kama rungu: anayeuliza habari za watu waliohamishwa huonekana adui wa misitu na wanyama. Katika makala haya nataka kuitazama hoja hiyo kutoka mahali pamoja, mlima uitwao Old Rag katika jimbo la Virginia, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah. Nimeuchagua kwa sababu nimeutembea kwa miguu, na kwa sababu njia yake, ikisomwa kwa makini, inafanana na jalada la ofisi ya ardhi. Kila kituo kina ushahidi wake.

Old Rag una kimo cha takriban mita 1,000, na uko kama saa mbili kwa gari kutoka Washington. Mzunguko wake una urefu wa kilomita 15 hivi na humchukua mtembeaji siku karibu nzima. Huanza mashariki, hupanda msituni kwa mizingo mingi, kisha hufuata mgongo wa mlima. Hapo juu njia hutoweka na kubaki miamba mitupu. Kwa zaidi ya kilomita moja mtu hukwea kwa mikono na miguu, hujipenyeza kwenye nyufa, hupita chini ya jiwe lililokwama kati ya kuta mbili, na pengine huomba mkono wa asiyemjua ili avuke. Mimi niliusukuma mkoba wangu mbele yangu katika ufa mmoja, kwa kuwa mimi na mkoba kwa pamoja hatukuenea. Watu ni wengi mno kiasi kwamba tangu mwaka 2022 hifadhi imeweka kikomo cha tiketi 800 kwa siku kati ya mwezi Machi na Novemba.

Miamba yenyewe ni ya kale kupita fikra. Itale ya Old Rag ina umri wa zaidi ya miaka bilioni moja. Baadaye lava ilipenya katika nyufa zake na kuganda, na kwa kuwa mwamba huo wa pili huliwa na mvua upesi kuliko itale, pamebaki ngazi ambazo hakuna fundi aliyezichonga. Mbele ya ukale huo ni rahisi mtu kuamini kwamba mahali hapa hapajawahi kuwa na mwenyewe. Ukitazama magharibi kutoka kileleni, safu ya Blue Ridge imefunikwa na msitu hadi upeo wa macho. Wengi wanaopiga picha pale husema wamefika porini. Kisheria hawakosei, kwani tangu mwaka 1976 sehemu kubwa ya hifadhi, pamoja na mlima huu, imetambuliwa rasmi na Bunge la Marekani kuwa pori.

Hata hivyo, msitu ule ni mchanga. Miaka 100 iliyopita mabonde yale yalikuwa na mashamba ya mahindi, malisho, miti ya matufaha, makanisa na shule. Katika bonde la Weakley, ambako mzunguko hurudia, palikuwa na kijiji kilichoitwa Old Rag kama mlima wenyewe, chenye ofisi yake ya posta. Leo makutano ya njia pale chini bado yanatajwa kwa jina la posta hiyo, na hakuna barua iliyopelekwa hapo kwa vizazi vitatu. Na hao wakulima nao hawakuwa wa kwanza. Kabla yao, wazawa wa Kimonacan na Wamanahoac walikuwa wameishi na kuwinda katika nchi ile, wakasukumwa kando na walowezi kutoka Ulaya. Historia ya ardhi ina tabaka, na si haki kuanza kuhesabu kutoka tabaka linalotupendeza.

Je, kijiji kiligeukaje kuwa pori? Mwaka 1926 Bunge la Marekani liliidhinisha hifadhi ianzishwe, kwa sharti kwamba serikali kuu isitoe fedha za kununua ardhi. Jimbo lilitakiwa liipate ardhi hiyo na kuikabidhi kama zawadi. Ardhi yenyewe ilikuwa imegawanyika katika maelfu ya vipande, katika wilaya nane. Kununua kipande kimoja kimoja kwa maelewano kungechukua miaka mingi. Hivyo mwaka 1928, chini ya Gavana Harry F. Byrd, Virginia ilipitisha sheria ya utwaaji wa ardhi kwa ajili ya hifadhi. Badala ya kesi ya kila mmiliki kusikilizwa peke yake, sheria hiyo iliruhusu vipande vyote vya wilaya kuwekwa katika shauri moja, na wathamini wapange bei. Mmiliki mmoja, Robert Via, alipinga hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1935 alishindwa, na mnamo tarehe 26 Desemba mwaka huo huo hifadhi ikaanzishwa rasmi.

Wasomaji walio katika utumishi wa umma wataona mara moja ilipo kasoro ya utaratibu huu. Fidia hulipwa kwa mwenye hati. Katika mabonde ya Blue Ridge, chini ya nusu ya familia zilizobaki katikati ya miaka ya 1930 zilikuwa na ardhi zao wenyewe. Waliosalia walikuwa wapangaji, walinzi wa mashamba ya matajiri wa mabondeni, au watu waliokaa kwa ruhusa ya mdomo tangu enzi za babu zao. Kwa macho ya sheria hawakuwa na cha kulipwa. Awali baadhi ya wakazi walikuwa wameaminishwa kwamba wangebaki, lakini mwaka 1934 serikali kuu ilitangaza kwamba haitaipokea ardhi hadi watu wote waondoke. Familia zipatazo 500 ziling'olewa. Baadhi zilipelekwa katika makazi mapya yaliyojengwa kwa mkopo wa serikali, nyingine zikajitafutia. Wazee wachache waliruhusiwa kumalizia maisha yao mle ndani. Wa mwisho wao, Annie Shenk, alifariki mwaka 1979.

Sheria peke yake haikutosha. Ilihitajika pia simulizi ya kuuridhisha umma. Mwaka 1933 mwanasaikolojia Mandel Sherman na mwandishi wa habari Thomas Henry walichapisha kitabu kiitwacho *Hollow Folk*, kuhusu wakazi wa mabonde matano ya eneo hili. Waliwachora kama watu waliosahauliwa na karne, wasiojua kusoma, wasiojua hata dunia iliyo nje ya milima yao. Tukumbuke kwamba Virginia ya wakati ule ilikuwa na sheria ya mwaka 1924 iliyoruhusu watu walioitwa wapungufu wa akili kufungwa uzazi kwa lazima, na Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeibariki mwaka 1927. Katika mazingira hayo, kumwita mtu mjinga lilikuwa tendo la kisiasa. Kumhamisha kuligeuka hisani.

Umaskini ulikuwepo, na sitaki kuukana. Lakini ulikuwa na sababu zake, na sababu hizo hazikuwa katika vichwa vya watu. Kuvu kutoka nje ya nchi, uliogunduliwa New York mwaka 1904, ulikuwa umeua miti ya chestnut katika milima yote hiyo. Mti huo ulikuwa mbao, ulikuwa chakula cha nguruwe, na kokwa zake ziliuzwa kwa fedha taslimu. Kisha kikaja kiangazi kikali cha mwaka 1930 pamoja na mdororo wa uchumi. Kitabu kilipiga picha ya njaa ya miaka michache na kuiita tabia ya karne mbili.

Jibu lilichelewa kwa miaka 60. Katika miaka ya 1990 mwanaakiolojia Audrey Horning alichunguza mabaki ya makazi katika mabonde matatu yaliyo chini ya Old Rag. Udongo ulimpa vyombo vya meza vya dukani, chupa za dawa, wanasesere, vipande vya sahani za santuri. Watu walioambiwa hawaijui dunia walikuwa wakiagiza bidhaa kwa posta na kusikiliza muziki wa miji. Ushahidi wa pili ni barua zao wenyewe. Zipo zipatazo 300, zilizoandikwa kwa maofisa wa hifadhi katikati ya miaka ya 1930, na watu ambao inasemekana hawakujua kuandika. Humo wanaomba ruhusa ya kuvuna mahindi waliyoyapanda, kuchukua madirisha na mbao za nyumba waliyoihama, kuokota matufaha ya miti waliyoiotesha. Ni barua za adabu. Ninapozisoma, kinachoniuma ni kwamba mtu anaomba kibali cha kung'oa dirisha lake mwenyewe.

Turudi katika njia. Ukishateremka kutoka kileleni unafika kwenye kibanda cha mawe cha mapumziko. Kinaitwa Byrds Nest, yaani kiota cha Byrd, kwa sababu kilitolewa kama zawadi na Harry F. Byrd, yule yule aliyekuwa gavana mwaka 1928. Alipenda sana kuupanda mlima huu. Ni Byrd huyo huyo ambaye, akiwa seneta katika miaka ya 1950, aliongoza upinzani wa Virginia dhidi ya watoto Weusi na Weupe kusoma shule moja. Na hifadhi aliyoipigania ilifuata desturi hiyo: mwaka 1939 ilifunguliwa kambi ya Lewis Mountain kwa ajili ya wageni Weusi peke yao, na utaratibu huo wa kutengana ulikuja kuvunjwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Hifadhi ilitangazwa kuwa mali ya taifa zima. Swali la nani ni taifa lilijibiwa kwenye vibao vya kambi.

Nakaa kidogo kwenye jina hilo. Familia za Weakley, Nicholson na Corbin zimebaki katika majina ya mabonde, ambayo mpita njia huyasoma kwenye ramani bila kuuliza. Katika bonde la Nicholson, nyumba ya magogo ya George Corbin, mmoja wa waliohamishwa, bado imesimama, na hukodishwa kwa watembeaji kwa usiku mmoja. Aliyetunga sheria ana kibanda cha heshima mlimani. Aliyetwaliwa nyumba anatajwa katika tangazo la malazi.

Uadilifu unanidai niseme na upande wa pili. Msitu umerudi. Maji yanayotoka mle ni safi, dubu wameongezeka, na mamilioni ya wakazi wa miji wamepata mahali pa kupumua ambapo pengine pangejaa majumba ya matajiri. Vijana maskini wa kikosi cha kazi cha Roosevelt walipata ajira hapo wakati wa njaa. Mimi mwenyewe nilishuka nikiwa nimechoka na kuridhika, na singependa kuona mlima ule ukigawanywa kuwa viwanja. Faida hizi ni za kweli. Ninachokataa ni kuzitumia kama risiti ya kufungia hesabu, hali waliolipa ni wengine na wanaofaidi ni wengine.

Kwetu sisi hesabu hiyo haijafungwa. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai walitia saini makubaliano ya kuondoka Serengeti, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa iwe eneo ambalo binadamu na wanyama wangeishi pamoja. Tangu mwaka 2022 kaya kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari, wapinzani wa zoezi hilo wanalipinga neno hilo. Mwaka 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoketi Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek ilipowaondoa katika msitu wa Mau, na ikakataa hoja kwamba uhifadhi ulihalalisha kuwaondoa. Ni uamuzi ambao kila mtumishi wa ardhi na maliasili anapaswa kuusoma.

Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na itolewe kwa wakati. Old Rag unatufundisha maswali ya kuuliza kabla ya kutamka maneno hayo. Je, kila kaya imesikilizwa peke yake, au wilaya nzima imetiwa katika shauri moja? Asiye na hati, aliyelima kwa ruhusa ya mdomo kwa vizazi viwili, ameandikwa wapi katika daftari la mthamini? Nani aliyeandika ripoti inayosema watu hawa wanaharibu mazingira, na aliandika mwaka gani wa ukame? Barua zao zinahifadhiwa wapi, na nani ameruhusiwa kuzisoma?

Wanafunzi wangu huniuliza mara nyingi historia ya Marekani inawahusu nini. Nawajibu kwamba tumeiazima sheria yao na picha yao ya pori. Tulipoazima tuliacha majalada kule kule. Yapo, yanasomeka, na kazi ya kuyasoma ni yetu.